Mtarakwa wa Bwana Deusi

Walipokuja kuniomba mti wa kupanda kwenye kaburi la Bwana Deusi, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu pale kitaluni, kando ya barabara, chini ya Kilima Kipara, najaza udongo kwenye viriba vya miche. Walikuja wawili, mjane wake na binti yake Anjela, ambaye ni muuguzi hapa Kibiti. Mjane alikuwa bado amejifunga kitenge cha msiba. Akaniambia kwa upole kwamba marehemu alipenda miti, kwamba kilima kizima kinaitwa kwa jina lake, na kwamba ingekuwa aibu alale kule juu bila mti wake mwenyewe kichwani. "Wote tuliowauliza wanasema wewe ndiye unayejua miti," akasema. "Tuchagulie, Bi Pili. Wowote mzuri, unaokaa kijani." Sikumjibu mpaka kiriba nilichoshika kikajaa. Kisha nikamwambia anipe siku chache, nitamtafutia unaomfaa marehemu. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa. Nilikuwa nimelingoja ombi lile kwa miaka arobaini, na sasa lilikuwa limekuja lenyewe, kwa miguu, na kitenge cha msiba.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala nililelewa vipi, kwa sababu hayo hayamhusu Bwana Deusi. Nitaeleza mwaka mmoja, kuanzia mvua za vuli hadi vuli iliyofuata, nilipokuwa na miaka ishirini. Mwaka huo ulikuja mradi wa kurudisha miti ya asili kwenye Kilima Kipara. Wachoma mkaa walikuwa wamekinyoa hadi ngozi, ndiyo maana kikaitwa hivyo. Mimi niliajiriwa kitaluni kupanda na kumwagilia, na bwana miti aliyeletwa kutuongoza alikuwa Bwana Deusi, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye kofia ya majani na sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza aliniuliza kabila langu. Niliposema Mndengereko, akapiga makofi. "Basi wewe mtani wangu! Ukizembea nakupeleka Ikwiriri nikakubadilishe na gunia la ufuta!" Watu wote wakacheka. Wanyamwezi na sisi wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana mipaka: anakutukana mbele ya wakwe, anakupokonya tonge mkononi, anakuja kwenye msiba wa mama yako akamwigiza marehemu mpaka waliaji wanashika mbavu. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Nasema wazi kwamba nilimpenda mtu yule mwanzoni, kama binti anavyompenda mjomba mcheshi.

Nililala chumba kimoja na Bi Somoe, mpishi wa kambi, mjane wa makamo aliyekuwa na ulimi mkali na mikono mepesi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya stoo, ukuta wa miti na udongo usiofika paani, kwa hiyo harufu ya stoo na maneno ya barazani vyote viliingia kwetu bila kubisha hodi. Hadi leo nikinusa makopo ya mbegu namwona Bi Somoe amekaa chini, mbuzi ya nazi katikati ya magoti, anakuna na kuhukumu watu. Alipika wali wa nazi, kisamvu, na kambale wa kukaushwa waliotoka mtoni, na siku akiwa na furaha alitukandia chapati. Mezani Bwana Deusi alinyoosha mkono akachukua kipande changu cha samaki mbele ya macho yangu, nami nikachukua chapati yake, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Niliamini kwamba anayekula kwenye sahani yako hawezi kukudhuru. Sasa naona kwamba yule mtu alikuwa anafanya mazoezi.

Kwenye mlango wa stoo Bwana Deusi alipigilia karatasi iliyochapwa kwa taipu na kufunikwa nailoni. Ilikuwa orodha ya miti na vichaka vya asili vinavyofaa kwenye udongo wa volkano unaopitisha maji: mtarakwa, mringaringa, msesewe, mzeituni wa porini, na mingine ambayo sikuwahi kuisikia. Alikuwa ameitumia huko kaskazini, kwenye miteremko ya milima, na kule ilikuwa orodha njema, simkatalii. Hoja yake ilikuwa fupi. Udongo wa volkano unapitisha maji, mchanga wa Kibiti unapitisha maji, basi miti ya kule itakaa hapa. Ilikuwa ya asili, tena ya Tanzania hii hii, sasa tatizo liko wapi? Lori lilipoleta miche kutoka kaskazini, mimi nilikuwa wa kwanza kutia mkono kwenye viriba vyake. Udongo wake ulikuwa mweusi na mwepesi, umechanganyika na vijiwe vyenye matundu matundu kama mkate wa kumimina. Nilikichukua kijiwe kimoja nikakiweka ulimini, na kilikuwa cha baridi.

Hapo ndipo nilipofanya jambo lililoniponza. Nilichukua makopo mawili ya maziwa, nikayatoboa chini kwa msumari, moja nikalijaza udongo ule mweusi na jingine mchanga wa Kilima Kipara. Nikamwagia kila moja kikombe cha maji. Yote mawili yakavuja upesi, hapo Bwana Deusi alikuwa sahihi. Lakini niliyaacha juani siku tatu, na siku ya tatu nikachomeka kidole. Mchanga wetu ulikuwa mkavu mpaka chini, na ule mweusi ulikuwa bado na unyevu, vile vijiwe vimeshika maji tumboni. Udongo wa kule unaruhusu maji kupita lakini unajiwekea akiba, wetu haubakizi hata tone. Nikampelekea makopo barazani, mbele ya vibarua wote, kwa furaha ya mtoto aliyepata jibu la hesabu. Akachomeka kidole kwenye kopo moja, akachomeka kwenye la pili. Kisha akasema, "Mtani wangu, udongo unaopitisha maji ni udongo unaopitisha maji. Mambo haya yameandikwa na wasomi." Akaliinua lile kopo la mchanga akanimiminia kichwani. Watu wakacheka sana. Na mimi nilicheka, huku mchanga unaniingia shingoni, kwa sababu ndiyo adabu ya utani.

Tukaipanda miche ile. Kisima kilikuwa bondeni, na mimi na wanawake wengine wanne tulipandisha ndoo kichwani, safari tatu asubuhi na tatu jioni, kwa miti ambayo nilijua inakunywa bure. Shingo yangu haijawahi kupona vizuri tangu kiangazi kile. Miringaringa ilikufa kwanza, ikakunja majani kama mtu anayekunja mkeka aondoke. Misesewe ikafuata. Mitarakwa ndiyo iliyonishangaza, kwa sababu mtarakwa ni mti wa kiburi: hufa na rangi yake. Mzizi umekwisha, shina limekauka, na bado majani ni ya kijani kwa wiki kadhaa, nawe unaendelea kumwagilia maiti. Niligundua nilipokwaruza gome kwa ukucha nikakuta ndani kumekauka. Kufikia mwisho wa Februari hapakuwa na mti wa kaskazini uliokuwa hai kwenye Kilima Kipara, na Bwana Deusi akaacha kuniibia samaki mezani.

Ripoti yake ilitakiwa kuonyesha mashimo yamejaa, basi akaniambia, bila kuniangalia usoni, "Jaza mashimo. Tia chochote." Sikutia chochote tu. Nilichagua. Tulipokwenda kuokota kuni na Bi Somoe tulikuwa tunatembea na daftari langu la shule. Nikauliza mti huu unaitwaje, akanikaripia. "Weye nawe! Nti hauulizwi jina. Uulize ulikula nini mwaka wa ukame." Basi tukatafuta miti iliyokuwa imesimama kwenye mchanga mtupu bila msaada wa mtu, iliyochipua baada ya moto, na ambayo mchwa walikuwa wameipitia mbali. Nikaandika mkongo, ambao mbegu yake nyeusi yenye kofia nyekundu lazima uisugue kwenye jiwe ndipo ikubali kuota. Nikaandika mng'ongo. Nikaandika msandarusi, kwa sababu tulipochimba mashimo tulikuta vipande vya sandarusi, utomvu wake uliogeuka jiwe, mchangani, ushahidi kwamba mti huo ulisimama pale kabla ya wote waliotuzaa. Nikaandika vichaka pia, mkole na mtopetope wa porini, vipandwe kwanza upande wa upepo ili vizuie mchanga na kuwakinga wakubwa wanaokuja. Na juu ya yote nikaandika mninga. Majina yalikuwa kumi na sita, kila moja na maelezo yake ya mahali, msimu na namna ya kuamsha mbegu. Tukaotesha kwenye viriba vilivyobaki, na masika yalipoingia tukapanda. Bwana Deusi aliazima lile daftari akaliangalie siku moja. Sikuliona tena.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu ili mtu aelewe uzito wa yaliyofuata. Kule kwenye mashamba ya mpunga ya delta, shamba halifunguliwi na mkono wowote tu. Kabla ya kupanda anatafutwa mtu mwenye mkono wa baridi, ambaye akidondosha mbegu inaota, ndiye atie punje za kwanza ardhini, halafu wengine wafuate. Mwenye mkono wa moto hakaribishwi hata kubeba kapu la mbegu. Mwaka ule nilikuwa nimechumbiwa na kijana wa delta, Shabani, na mama yake alikuwa ameniletea ujumbe kwamba msimu ujao nitafungua shamba lao. Mwali hajaingia hata nyumbani na tayari anapewa heshima hiyo! Bi Somoe alipiga kigelegele peke yake jikoni. Mimi nilianza kuipaka mikono yangu mafuta ya nazi kila nikitoka kuoga, kama kwamba si yangu tena bali ni amana.

Kiangazi cha Juni kikaja, na kwa mtu asiyejua, kilima kikawa kimekufa mara ya pili. Mikongo ilipukuta majani. Miche ya mininga ilikauka hadi chini, ikabaki vijiti. Lakini ndivyo mninga ulivyo. Miaka yake ya mwanzo, kila kiangazi unajiua juu ya ardhi na kuendelea kuishi chini, unaongeza mzizi, hadi mwaka utakapokuwa na nguvu za kutosha kusimama moja kwa moja. Siku moja kabla ya wageni wa mradi kufika kutoka Dar es Salaam, nilimwona Bwana Deusi anazunguka kilimani ameshika kiuno, jasho linamtoka. Nikachukua jembe nikafukua kijiti kimoja mbele yake. Mzizi ulikuwa mnene kama kidole gumba na mrefu kuliko mkono wangu. Nikampa. Akaukwaruza kwa ukucha, ukatoka utomvu mwekundu kama damu. "Uko hai," alisema. Alisema kwa kinywa chake, mchana kweupe, tukiwa wawili tu, na utomvu ukiwa kidoleni mwake. Nikamwambia yote iko hivyo, mvua ikigonga tu itachipua, awaeleze wageni. Akatikisa kichwa kukubali, akaufuta ule mkono kwenye suruali.

Kesho yake wageni walikusanyika kwenye banda la mabati pamoja na wanakijiji. Wanawake waliokuja kumsaidia Bi Somoe kupika walikuwa wamesimama nyuma, na kati yao alikuwamo shangazi yake Shabani. Mgeni mmoja akauliza kwa nini kilima kimekauka. Kueleza ukweli kungemlazimu Bwana Deusi aseme kwamba orodha yake ilikufa na kwamba vijiti vile vilichaguliwa na kibarua wa kike mwenye daftari la shule. Akavua kofia, akatabasamu, akaninyooshea mkono. "Orodha ni sahihi na udongo ni sahihi. Tatizo ni huyu mtani wangu. Ana mkono wa moto huyu! Akigusa mti tu, umekwisha." Wageni wakacheka kwa sababu hawakuelewa. Wanakijiji hawakucheka. Wahenga wamesema akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini huyu alichagua. Alikuwa ameishi kwetu miezi tisa, amekula kwetu, amejifunza maneno yetu, na katika maneno yote akaliokota lile moja ambalo halitoki likishamwingia mtu. Nikageuka kumtafuta shangazi yake Shabani. Alikuwa anaiangalia mikono yangu.

Baada ya chakula tulikuwa chumbani, mimi na Bi Somoe, tunapangusa sahani, na sauti za barazani zikatufikia kupitia juu ya ukuta. Mgeni aliuliza, "Na hii miti ya hapa hapa iliyojaza mashimo, nani aliichagua?" Kisha nikamsikia Bwana Deusi: "Hiyo? Nilijaribu mwenyewe kidogo. Mvua zikinyesha tutaona." Bi Somoe aliiweka sahani chini taratibu. "Umesikia, mwanangu? Asubuhi kakuua, mchana kakurithi." Mimi sikulia. Nakumbuka niliendelea kuipangusa sahani ile ile mpaka akaja akanitoa kitambaa mkononi.

Wiki ile ile niliachishwa kazi. Wiki iliyofuata posa yangu ilivunjwa, na barua ya kuivunja ilikuja imefungwa ndani ya leso ile ile niliyompelekea mama yake Shabani. Mjumbe alikuwa mtu mzima mwenye haya, alisema tu, "Wanasema mpunga hauna mzaha, binti yangu." Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki. Bwana Deusi akaitwa, akaja anacheka, akakaa kwenye benchi karibu yangu kama mtu aliyekuja harusini. "Mzee, huyu si ni mtani wangu? Nilikuwa namtania!" Mwenyekiti naye akacheka kwa kupata nafuu. "Mwanangu," akaniambia, "utani haushtakiwi." Na Bwana Deusi akanipiga begani. Mpaka leo nalijua lile bega ni lipi.

Vuli iliponyesha nilikuwa juu ya lori la mihogo naelekea Ngorongo, kuanza maisha mahali ambapo jina langu halijafika. Tulipita chini ya kilima, nikakiona. Kilikuwa cha kijani. Mininga imechipua yote, mikongo imevaa, mikole imefumbata mchanga. Utingo akasema, "Mashallah, yule Mnyamwezi ana mkono wa baridi." Nilikaa juu ya mihogo nikang'ata leso yangu. Mwaka uliofuata walimpandisha cheo, wakampeleka mkoa mwingine, na watu wakaacha kusema Kilima Kipara, wakaanza kusema Msitu wa Deusi. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mimi niliolewa baadaye, na mfanyabiashara wa ufuta wa Nyamwage ambaye hakujali habari za mikono, Mungu amrehemu. Kisha nikarudi nikafungua kitalu changu mwenyewe chini ya kilima kile kile, makusudi, ili kila asubuhi nikione na nisisahau. Miche yangu ilipoanza kusifika, watu walisema mkono wa Bi Pili umepoa. Umepoa! Haukuwahi kuwa moto hata siku moja, lakini nani angenisikiliza?

Aliyenijulisha kwamba Bwana Deusi amefariki ni Anjela mwenyewe, bila kujua anamwambia nani. Alikuwa ameacha wosia azikwe kilimani, kati ya miti "aliyoichagua". Niliposikia neno hilo nilifunga kitalu nikaenda mazishini. Mtani ana haki zake, na mimi nilikuwa nimezisubiri. Nilivaa kofia ya majani, nikashika karatasi kwenye nailoni, nikaenda kukaa juu ya lundo la mchanga uliotoka kaburini, na nikasema huyu hazikwi mpaka nimalize. Nikamwigiza. Sauti yake ilikuwa bado imekaa kooni mwangu. "Udongo unaopitisha maji ni udongo unaopitisha maji! Yameandikwa na wasomi!" Nikaunyoosha mkono kwa jeneza. "Watu wa Kibiti, huyu mwizi! Miti hii yote niliichagua mimi, Pili, kwa daftari langu, na yeye akaniita mkono wa moto!" Machozi yangu yalikuwa ya kweli. Wakacheka. Walicheka hadi wakashikana mabega, waliaji wakafuta machozi ya kicheko, mjane mwenyewe akacheka nyuma ya kitenge. "Huyu ndiye mtani!" watu wakasema. Kijana wake mkubwa akaniletea jogoo ili niondoke juu ya mchanga, kama ilivyo desturi. Nikashuka kilimani na jogoo kwapani, nimesema ukweli wote mbele ya watu wote, na hakuna aliyeusikia. Alinifunga kwa utani akiwa hai, na akiwa amekufa ule utani ukaja kumlinda.

Ndiyo maana waliponiomba mti nilinyamaza hadi kiriba kikajaa. Miti yangu ilikuwa imenizunguka pale, mikongo, mininga, misandarusi, yoyote ingekaa karne nzima kichwani mwake. Niliwapigia simu watu wa Arusha wakaniletea kwa basi mche mmoja wa mtarakwa. Ulichukua siku nne kufika, na siku nne ni nyingi kwa mtu anayetaka kubadili nia. Sikubadili. Ulikuwa mche mzuri, mwembamba, unanukia. Mjane aliunusa akafumba macho. "Aliupenda sana mti huu," akasema. Nikamwambia, "Najua, ulikuwa kwenye orodha yake." Akauliza amwagilie mara ngapi, nikamwambia kila siku. Nilitaka kila anayepita barabarani auone msitu wangu umesimama, na katikati yake mti wa Deusi umekauka kama mkono wa marehemu. Hicho ndicho kilichokuwa moyoni mwangu, na sioni haya kukiandika.

Lakini sikumfikiria mjane. Nilikuwa nalenga maiti. Masika yakaisha, kiangazi kikaanza, na kila asubuhi mjane, ambaye sasa alikuwa anaishi kwa Anjela, alipita mbele ya kitalu changu na dumu la maji kichwani. Anapanda, anapumzika kwenye kona ile ile niliyokuwa napumzika mimi, anaendelea. Mtarakwa ulikuwa bado wa kijani, na mimi peke yangu nilijua ulikuwa umekwishakufa. Nilijiambia kwamba ni mke wake, abebe mzigo wa mumewe. Nilijiambia hivyo karibu kila siku, na kila siku nilikuwa naangalia shingo yake.

Mwezi wa tisa akaja kitaluni bila dumu. Majani yalikuwa yamegeuka kahawia. Alisimama mbele yangu ameificha mikono ndani ya kitenge, mtu mzima, mwenye mvi, kama mtoto aliyevunja chungu. "Bi Pili, mti umekufa. Nimemwagilia kila siku, kama ulivyosema, sijaruka hata siku moja." Akasita. "Wale wanawake wanaopita na kuni wananiangalia. Jana mmoja kaniambia labda nina mkono wa moto. Ndiyo nini hiyo, dada?"

Nikakiweka kiriba chini. Sijamsamehe mumewe, na sina nia hiyo hadi siku nitakayokutana naye. Lakini nilikuwa na miaka ishirini tena, naangaliwa mikono, nangoja mtu mmoja tu aseme sentensi moja, na hakuna aliyeisema. Nikamshika mikono nikaitoa ndani ya kitenge. Ilikuwa imechubuka kwa mshikio wa dumu.

"Mikono yako haina kosa, mama. Mti ule haukuwa wa mchanga huu. Mwenye kosa ni aliyeuchagua."

"Si uliuchagua wewe?"

"Ni mimi. Na nilijua utakufa."

Hakuniondolea mikono yake. Akageuza uso taratibu kuelekea kilimani, kwenye mikongo na mininga iliyosimama kwenye mchanga mtupu, katikati ya kiangazi, bila tone la mtu. Nikamwona anakumbuka siku ya mazishi, kofia ya majani, jogoo.

"Na ile?" akauliza.

"Ile pia nilichagua mimi."

Safari hii hakucheka.